Saladi ya Visitación

Baa ya mama Visitación, hapa mtaani kwetu mjini Zaragoza, Hispania, inajulikana kwa saladi ya viazi. Mvinyo wake ni wa kawaida na viti vyake vinayumba, lakini ikifika saa saba mchana hupati pa kuweka kiwiko, kwa sababu ya kile kisahani cha viazi, karoti, samaki wa kopo, mayai na mayonezi kinacholetwa pamoja na glasi ya mvinyo.

Januari mafua yalimlaza Visitación wiki mbili. Yalipoondoka yaliondoka na pua na ulimi wake: chumvi, siki, vyote vikawa maji. Aliniambia mimi peke yangu, tena jikoni, mlango umefungwa. Alisema watu wakijua atafunga baa, maana nani atakula kwa mpishi asiyejua anachopika. Akanipa kijiko nionje. Nikasema ni nzuri. Mimi huwa nasema ni nzuri; nyumbani tulifundishwa hivyo. Akaninyang'anya kijiko.

Basi akamtegemea Anselmo, bila Anselmo kujua. Huyu ni fundi viatu mstaafu, na kwa miaka ishirini hakuna kitu kilichowahi kumridhisha mle baani. Kila siku saa sita, kabla wengine hawajafika, alipewa kisahani cha kwanza. Akisema chumvi haba, Visitación aliingia jikoni. Akisema siki imezidi, aliingia tena. Wateja wa saa saba hawakugundua lolote.

Tatizo ni kwamba Anselmo alivimba kichwa. Akaanza kutangaza kuwa saladi ile ni yake, na kwamba bila yeye mama huyu asingejua hata kuchemsha kiazi. Nilimvumilia mpaka Machi. Siku moja, tukiwa nje mlangoni, uvumilivu ukaniishia, nikamwambia ukweli wote ili afunge mdomo.

Aliufunga. Kesho yake, nami nikiwa pale kaunta, alikula nusu ya saladi yake, akapangusa midomo kwa karatasi, akasema, "Tamu sana, Visi."

Visitación aliacha kufuta glasi. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni.

"Mzee," akamwambia Anselmo, "ukinihurumia, leo hii nafunga."

Anselmo akavuta tena kisahani, akaonja upya.

"Haina chumvi," akasema. "Siki ni ya kusafishia vioo. Na karoti umezikata kama unalisha punda."

"Karoti nakata kwa macho, mzee. Hayo bado ninayo."

"Basi chumvi na siki."

Visitación akaingia jikoni na bakuli lake. Saa saba baa ilijaa kama kawaida.

Anselmo bado anapewa kisahani cha kwanza, na bado ananuna. Mimi nikiagiza glasi yangu naletewa zeituni za kopo badala ya saladi, na hakuna anayeniuliza kama ni nzuri.