Sauti ya Mama Mbombo Kwenye Kaseti

Mwalimu Adolphe wa darasa la tano alikuwa na vitu viwili ambavyo mwaka ule vilikuwa adimu Likasi nzima: subira, na redio-kaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodi. Subira alizaliwa nayo. Redio aliipata siku ya harusi yake, enzi zile viwanda vilipokuwa vikitoa moshi na moshi ukileta mishahara. Sasa moshi ulikuwa umekatika, walimu walilipwa kwa unga wa mahindi na maneno matamu, na shule ilibakiwa na kuta, ubao, na mbuzi wa jirani ambaye kwa mahudhurio aliwashinda wanafunzi wengi. Umeme wa bwawa la Koni ulipita juu ya paa kwenye nyaya zake, ukienda kwa wenye bahati, wala haukusimama kusalimia.

Kwa hiyo redio ilikula betri, na betri zilipokufa Adolphe alizifufua kwa kuzianika juani juu ya bati, kando ya mihogo ya mkewe Aimée. Usicheke. Kila nyumba ilifanya hivyo, na anayekataa ni kwa sababu hakuwa na redio. Betri iliyoota jua asubuhi nzima ilikupa robo saa ya uhai, na ukiongeza sauti, pungufu ya hapo.

Robo saa hiyo ndiyo iliyoliokoa darasa la tano. Adolphe alianzisha kitu alichokiita Redio ya Darasa. Kila siku watoto walirekodi somo, kisha wakajisikiliza. Mtoto ambaye hakufika, sauti yake haikuwemo, na hakuna mtoto anayependa kukosekana redioni. "Eh! Minye njo nasemaka vile?" waliulizana wakisikia sauti zao, wakianguka kwa kicheko, na kesho yake walirudi na nyuso zimeoshwa, kana kwamba redio ina macho.

Mtangazaji mkuu alikuwa Rolly, mtoto wa miaka kumi na moja, mwembamba kama ufagio wa njiti. Rolly alifundisha hesabu za sehemu kama mtu anayetangaza mpira. "Nusu anashika mpira! Robo anakuya mbio, robo mbili banajiunga, eh, banakuwa nusu! Arbitre anapiga filimbi, anasema sawasawa! But! Goli!" Wavulana waliokuwa wamekwama kwenye sehemu tangu darasa la tatu wakaelewa siku moja. Adolphe alimsikiliza Rolly akajisikia tajiri, na si mara nyingi mwalimu wa miaka ile alijisikia hivyo.

Kisha Rolly akatoweka. Asubuhi aliondoka nyumbani na shati jeupe, jioni alirudi na shati jeupe, ila katikati hapo shuleni hakuonekana. Adolphe aliuliza huku na huko, akaambiwa: yuko kwenye kilima nyuma ya reli, pamoja na wenzake wanne, kwenye shimo la Carlos.

Carlos alikuwa fundi wa kiwanda kabla kiwanda hakijalala. Sasa alikuwa mkubwa wa wachimbaji wa mawe ya kijani ya shaba, na aliwapenda watoto kwa sababu ya mabega yao. Mabega membamba huingia mahali ambapo mtu mzima hukwama. Wanaume walichimba chini kabisa, watoto wakatambaa pembeni katika vijia vya panya, kwenye udongo ambao mvua ilikuwa imeanza kuulainisha. Adolphe alipanda kilima akachungulia. Alimwona Rolly mle ndani kana kwamba amekwisha kuzikwa.

"Rolly! Toka!" aliita. Lakini miaka ya chaki ilikuwa imeila sauti yake, ikabaki sauti ya kuombea chumvi mezani.

"Metre," Carlos akamwita mwalimu akicheka kutoka chini, "masomo njo hapa sasa. Kuyako, tutakufundisha!"

Sasa, bibi yake Rolly alikuwa Mama Mbombo, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, sokoni, ndiye aliyemlea tangu mama mtu alipokwenda Kolwezi kutafuta maisha. Mama Mbombo alikuwa na miguu iliyovimba na sauti isiyovimba kamwe. Akikohoa sokoni, wauza samaki walinyoosha mizani. Adolphe alipiga moyo konde akaenda kumwambia.

Mama Mbombo aliinuka na mwiko mkononi. Kisha akakaa tena. Miguu haikupanda vilima, na zaidi ya hapo, mwanamke hasogelei shimo. Wachimbaji walishika mwiko huo kuliko amri kumi: mwanamke akikaribia, mawe yanakimbilia chini zaidi, na wachimbaji wanamkimbilia mwanamke kwa mawe mengine.

"Alors tutafanya namna gani, metre?"

"Mama, sauti yako itaenda yenyewe," Adolphe akasema, akaiweka redio juu ya gunia.

Kurekodi kulikuwa kazi. Mama Mbombo hakuweza kukaripia hewa. "Minye nagombeza muntu, sigombezake kartoni," alisema, akiinyooshea redio kidole. Basi ikabidi mwalimu, mwenye diploma na kalamu mfukoni, asimame mbele yake badala ya Rolly, kichwa chini, mikono nyuma. Soko lote lilikuja kutazama.

"Rolly! We Rolly! Minye nilizalaka mama yako, mama yako akazala muntu! Hakuzalaka panya! Panya njo anaingiaka mu shimo! Toka! Nikifika ku tatu, utajua kama Mungu iko! Moya! Mbili! Eh, we mama, usiguse-guse makala yangu, si tomati! Tatu!"

Maneno ya tomati yalimwendea mteja mmoja aliyekuwa akichagua makala, lakini redio haichagui. Yaliingia. Mama Mbombo aliendelea mpaka kaseti ikafika mwisho, na Adolphe alirudi nyumbani akamwomba Aimée radhi kwa makosa ambayo hakuyajua.

Asubuhi yake alijificha nyuma ya kichuguu juu ya kilima, akafungua sauti yote. "Rolly! We Rolly!" Sijui kama umewahi kuona panya wakitoka ghala linapowaka moto. Watoto watano walitoka hivyo, wakala kona kuelekea shuleni bila kutazama nyuma, mmoja na kiatu kimoja. Carlos mwenyewe alisimama akavua kofia. Na ilipofika "usiguse-guse", mnunuzi mmoja aliyekuwa akipima gunia akaliachia likamwangukia mguuni. Siku hiyo Rolly alitangaza mechi kati ya desimali na asilimia, na Adolphe alicheka mpaka akatoa machozi.

Lakini wiki ya pili watoto walirudi kilimani kwa vijisenti vya Carlos, na wiki ya pili jua halikutoka. Mawingu yalilala juu ya Likasi, betri zikalala juu ya bati zikapata umande. Adolphe alizitia redioni hivyo hivyo. Alipobonyeza, ikatoka sauti nzito na ya polepole, kama mtu anayeongea ndani ya pipa: "Rooo-llyyy... panyaaa... mu shimooo..."

Kilima kizima kikajua kuwa ni mzimu mwenye shimo anayedai nafsi. Wanaume walitoka mbio kuliko watoto. Mmoja wao, Évariste, mtu wa makesha na maombi, ndiye peke yake aliyebaki, akanyoosha mkono akapiga kelele, "Mu jina la Yesu, nyamaza!" Na betri zikafa palepale. Shangwe ilivyolipuka! Walimbeba Évariste juu juu, wakamzungusha mlimani mara mbili, na wakiwa wanamzungusha kwa mara ya tatu wakafika nyuma ya kichuguu. Hapo alikuwepo mwalimu Adolphe, amepiga magoti, akizisugua betri kwenye suruali.

Walicheka mpaka wakakaa chini, isipokuwa Évariste. Tangu siku ile kaseti ikawa wimbo. Adolphe akiicheza, watoto walijibu kutoka shimoni, neno kwa neno, na kwenye tomati walipaza sauti zote pamoja. Silaha ikigeuka ngoma, mwenye silaha afanye nini? Adolphe alirudi darasani akafundisha watoto waliobaki na mbuzi, na aliona haya, na alikasirika, na hakujua amkasirikie nani.

Ndipo mvua kubwa ikanyesha usiku mzima. Asubuhi Adolphe alikimbia kilimani akaona ufa kwenye mdomo wa shimo, ufa mrefu wa kuingia mkono, na udongo ukidondoka ndani kidogo kidogo. Karibu wote walikuwa wamekwisha kushuka. Alipaza kile kisauti chake. "Kuko ufa! Mutoke!" Wakamjibu kwa kicheko. Metre amepata janja mpya! Kushuka awatoe hakuthubutu, maana mguu mmoja tu pale ukingoni ungetosha kuliangusha lote.

Aliteremka mbio mpaka sokoni, akaazima baiskeli ya makala, ile yenye mti mrefu wa kusukumia. Hakueleza sana.

"Mama, panda."

Mama Mbombo alimtazama usoni, akaacha makala yake bila kumwachia mtu, akapanda juu ya magunia matupu. Sasa mfikirie mwalimu Adolphe, kilo hamsini na tano akiwa amelowa, akimsukuma Mama Mbombo, ambaye kilo zake hakuna aliyethubutu kuziuliza, kwenye tope la kilima cha nyuma ya reli. Walianguka mara mbili. Mara zote mbili mwalimu ndiye aliyekuwa chini. Mama Mbombo hakumkaripia, na hilo ndilo lililomtisha Adolphe kuliko ufa.

Walipofika, Évariste aliyekuwa akisafisha mawe juu akamwona mwanamke, akafungua kinywa. Mama Mbombo akamwangalia tu. Akafunga.

Mama Mbombo akakaa chini mbali kidogo na ukingo, akavuta pumzi, akaachia: "Rolly! We Rolly! Minye nilizalaka mama yako, mama yako akazala muntu!"

Kutoka chini kikaja kicheko cha watu waliodhani ni kaseti yenye betri mpya. "Metre! Leo pile njo ya mupya!"

Maana maskini Mama Mbombo alikuwa na karipio moja tu maishani. Alilitumia kwa mume, kwa watoto, kwa wajukuu na kwa mteja asiyelipa, na lilikuwa lile lile lililomo kwenye kaseti. "Hakuzalaka panya!" akasema, na shimo likaitikia, "Panya njo anaingiaka mu shimo!" "Moya!" akapiga kelele, nao "Moya!" "Mbili!" nao "Mbili!" Kisha shimo likanyamaza, na sauti ya Rolly ikasikika ikitangaza, "Bantu bote kimya! Sasa inakuya ya tomati!"

Bonge la udongo likakatika ukingoni likaanguka ndani. Mama Mbombo aliliona likianguka.

Chini walingoja tomati. Tomati haikuja.

Mama Mbombo alipoongea tena, ilikuwa kwa sauti ambayo soko halikuwahi kuisikia, sauti ndogo, ya mtu anayemwamsha mtoto mwenye homa na kumwita papa kwa kumbembeleza.

"Rolly, papa yangu. Njo minye, Kaku yako. Si kaseti. Niko hapa juu, miguu inaniuma. Toka, papa. Sitakupiga. Niko naogopa. Nilikuwekea kichwa ya samaki na bukari, iko ku mbabula, itapoa. Kuya ukule. Kuya pole pole, upite ku ukuta, usikimbie. Niko nakungojea."

Hakuna aliyecheka. Kikasikika kishindo kidogo cha magoti yanayotambaa. Kichwa cha kwanza kilichotokeza kilikuwa cha Rolly, kimejaa tope mpaka masikioni, na tope la mashavuni tayari lilikuwa na mistari miwili. Alipita ukutani, pole pole, kama alivyoambiwa. Nyuma yake wenzake wanne. Mama Mbombo akamshika akamfunga ndani ya kitenge chake mzima mzima, kama mzigo wa soko, na Adolphe akageuka akajifanya anakagua tairi la baiskeli.

Alipogeuka tena, wanaume nao walikuwa wanatoka. Hakuna aliyewaita. Walitoka mmoja mmoja, watu wenye ndevu, wakipita ukutani pole pole, wakasimama na taa zao za vichwani zikiwaka mchana kweupe, macho chini. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka kwa nini. Évariste alilia waziwazi na kusema ni Roho.

Mama Mbombo aliwatazama, akapangusa pua. "Na banye?" akasema. "Munasimama hapa juu ya nini? Muende kwenu. Bamama yenu banangojea."

Wakaenda. Waliacha sururu na magunia palepale, wakateremka kilima, na chini ya reli wakagawanyika, kila mtu na njia yake.

Isipokuwa Carlos. Yeye mama yake alikuwa amezikwa zamani, kabla hata kiwanda hakijalala. Alifika njia panda akatazama huku, akatazama kule. Kisha akarudi nyuma mpaka kwenye baiskeli, ambako Mama Mbombo na Rolly walikuwa wamekwisha kupanda, akamwondoa mwalimu Adolphe kwa bega, akashika mti wa kusukumia, akasukuma. Alisukuma mpaka nyumbani kwa Mama Mbombo, akasimama mlangoni hajui aingie au aondoke.

Mama Mbombo alikuwa amekwisha kuinama juu ya mbabula, jiko lake la makala. Hakugeuka.

"Nawa mikono," alimwambia.