Mjane Aliyechagua Kokoto

Mzee aliyewagawia wanawe kilima kile, juu kidogo ya Karatu, alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyokiharibu. Hakutaka mmoja apate udongo mnono wa bondeni na mwingine mawe ya juu, basi akalipasua shamba kutoka kileleni hadi chini: upande huu wa Yohani, ule wa Patrisi, katikati mstari wa minyaa ya mpaka na njia ya ng'ombe. Mvua nayo ikaipenda njia. Kufikia mwaka 1979 njia ilikuwa korongo la kummeza ndama, na kila masika lilikula hatua mbili tatu za pande zote.

Patrisi alikuwa amekwisha kufa. Mjane wake, Cresensia, alibaki na watoto wanne na ile minyaa, hati pekee aliyokuwa nayo. Tangu msiba, shemeji yake Yohani hakuwa amemsaidia hata siku moja ya palizi.

Bwana shamba alipokuja na kamba na pima maji, hakuzunguka. Matuta yakate kilima kwa upana na mpaka ung'olewe. Tuta likiishia mpakani, maji yatamwagikia korongoni, na itakuwa kazi bure.

"Minyaa haing'olewi," alisema Cresensia.

"Tuing'oe tu, shemeji," alisema Yohani kwa sauti laini mno. "Sisi si ndugu? Tutalima pamoja."

Hapo ndipo Cresensia alipoogopa kwelikweli. Pamoja, kwa mjane, alijua maana yake: mwaka wa kwanza unasaidiwa, wa pili unapunjwa, wa tatu unaambiwa urudi kwenu. Lakini korongo nalo alikuwa akiliona kila asubuhi.

Bwana shamba alipoanza kukunja kamba, Cresensia alimzuia.

"Basi tugawe upya, kwa upana. Tuta liwe mpaka. Mimi nipeni juu."

Yohani alikubali haraka hata akasahau kujifanya anasita. Katibu wa kijiji akaandika, wakaweka dole gumba. Jioni Yohani alisikika kilabuni akimcheka mwanamke aliyeachiwa udongo akachagua kokoto.

Mahindi ya Cresensia yalitoka mafupi, na kuna siku alilia jikoni kwa majuto. Kisha, mwezi wa Aprili, mvua ya siku moja ikabomoa tuta lake la juu, na tope likafunika mistari sita ya mahindi ya Yohani huko bondeni.

Kesho yake alfajiri Yohani alisimama mlangoni na jembe begani.

"Shemeji, tuta lako limelegea."

"Nimeliona. Mikono ni hii miwili. Nafikiri hata nirudi kwetu."

"Urudi kwenu!" Yohani alishtuka. "Nani atayashika matuta?"

Akapanda kilima bila kungoja jibu. Cresensia alimtazama akichimba, kisha akarudi ndani kukoroga uji, taratibu.