Uzito wa Kitanda Namba Tisa

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, wodi ya wanawake ikiwa bado inanuka sabuni ya kudekia, mtaalamu wa lishe alibonyeza kitufe cha kitanda namba tisa ili mizani irudi sifuri. Mizani ikagoma. Kitanda kilikuwa kitupu tangu Ijumaa, shuka limetandikwa likanyooka, lakini kile kioo kidogo cha miguuni kiliandika kilo thelathini na sita na gramu mia nne. Akabonyeza tena. Thelathini na sita na gramu mia nne.

Hicho ndicho kitanda pekee wodini chenye mizani yake chini ya godoro, kwa ajili ya wasioweza kusimama, ingawa nafasi ikikosekana alilazwa yeyote. Wagonjwa wengine aliwapima kwa mizani ya kusukuma, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kupanda na kanga ya pili. Walimwita Mama Gramu. Kwake hakukuwa na "kiasi" wala "nusu kikombe hivi." Miaka ishirini na miwili aliyajua matumbo ya watu kuliko alivyolijua lake: kitanda cha pili sukari, cha nne figo na chumvi marufuku, cha sita aliyeungua moto na mayai mara mbili kwa siku, cha kumi na moja uji mwepesi kwa mrija wa puani. Kila kitanda kilikuwa na kadi yake, na jikoni walipika kwa kufuata kadi, sura ya mtu hawakuijua.

Alimwita Sista, msimamizi wa wodi. Wakatoa godoro, wakatoa mto, wakapiga hesabu ya vyote viwili, na kilichobaki kilikuwa kilekile.

"Ni yule fundi cherehani," Sista akasema. "Ijumaa si alikuwa thelathini na saba na gramu mia sita?"

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akipungua gramu mia nne kwa siku, na siku zilizopita ni tatu, kwa hiyo hesabu haikuwa na kasoro. Sista akarudi kwenye toroli lake la dawa, Mama Gramu akabaki akitandika shuka upya.

Huyo fundi alikuwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi, mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano na mdomo usioisha utani. Aliingia wodini kwa miguu yake, na mawe kwenye nyongo, na kilo arobaini na mbili kamili. Daktari mpasuaji akamtundikia kadi nyekundu: ASILE. UPASUAJI KESHO. Tarehe hakuandika. Nani anaandika tarehe? Kesho si inajulikana.

Siku ya pili daktari wa usingizi akashikwa na homa. Siku ya tatu taa ya chumba cha upasuaji ikapasuka, na ya tano maji yakakatika. Siku ya saba mpasuaji mwenyewe akaenda mafunzoni mji mwingine kwa miezi mitatu. Na kila asubuhi kila aliyepita pale alisoma kadi na kuiamini, maana ilisema kesho. Katika daftari la chakula, safu ya namba tisa, Mama Gramu aliandika siku ya kwanza, "Asile, upasuaji kesho." Siku zilizofuata aliandika, "Kama jana." Wote huandika hivyo, safu zenyewe ni nyembamba. Aliandika "Kama jana" mara kumi, kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Kila mchana mdogo wake fundi alikuja na chupa ya supu, na Mama Gramu akamzuia mlangoni kwa adabu. Alimweleza kwamba mtu akipasuliwa na chakula tumboni anaweza kutapika akiwa usingizini na kupaliwa hadi kufa. Na ni kweli tupu, hakumdanganya. Kila siku yule mdogo wake alisema asante na kuondoka na chupa imejaa. Siku ya kumi na moja fundi akafariki, akiwa na dripu ya maji na sukari mkononi. Kwenye cheti waliandika nyongo.

Kadi ilibaki pale pale, kwa sababu anayeitundika ndiye anayeitundua. Kanuni hiyo ilitungwa zamani, baada ya muuguzi mmoja kumwonea mgonjwa huruma na kumpa maandazi saa moja kabla ya kisu. Tangu hapo hakuna aliyegusa kadi isiyo yake.

Kitanda hakikukaa kitupu. Akalazwa mama mwenye vidonda vya tumbo, wakawa wanapima na kutoa uzito wa fundi, basi dawa zikaenda sawasawa. Malalamiko ya mama huyo yalikuwa mawili tu: mwenzake wa kitandani ana miguu ya baridi, na tumbo la mwenzake linanguruma mchana kutwa mpaka yeye anaona aibu kula mbele yake. Akaomba mwenzake naye apewe sahani. Muuguzi akamwonyesha kadi nyekundu na kumweleza kwamba ile si yake yeye mama, ni ya mwenzake. Mama akaelewa.

Mama Gramu hakuwa mwoga wa maiti, amewafumba macho wengi. Kilichomuuma ni zile gramu mia nne. Aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu yeye ndiye aliyeajiriwa kuona watu wakipungua, na alimwona huyu akipungua siku kumi na moja na kuandika vizuri. Akapiga hesabu: tangu Ijumaa ile, siku ya tisini na nne mizani itasoma sifuri. Sifuri ikifika itakuwaje hakujua, wala hakutaka kungoja ajue. Alitaka fundi ale kabla.

Alikwenda kwa mkuu wa hospitali na daftari lake. Mkuu alimsikiliza vizuri, akauliza mizani ilikaguliwa lini, akaridhika. Kisha akamweleza kwamba amri ya chakula hubadilishwa ndani ya faili, na faili la marehemu limefungwa. Kulifungua kunahitaji mgonjwa aje mapokezi mwenyewe. Akampa pole.

Basi wiki ya sita akapiga moyo konde. Alimtumia salamu yule mdogo wake fundi aje mchana, baada ya sahani kukusanywa, na chupa yake. Supu yenyewe Mama Gramu aliichuja mara mbili, kwa kuwa aliyekaa na njaa muda mrefu halishwi kwa pupa, moyo wake unaweza kusimama. Alipanga vijiko vitatu siku ya kwanza, sita ya pili, kumi ya tatu. Mama wa vidonda alikuwa ameshapona na kwenda kwake. Mizani ilisoma kilo ishirini na moja na gramu mia sita, kwa hiyo sauti ya fundi ilikuwa ndogo, lakini walimsikia wote wawili.

"Shikamoo dada," mdogo wake alisema, akiketi kwenye kona ya kitanda. Mizani ikapanda, akainuka haraka na kuomba radhi.

"Marahaba. Umekonda wewe."

Mama Gramu alipeleka kijiko cha kwanza mahali ambapo mto ulikuwa umebonyea kidogo. Kijiko kikasimama hapo hewani kikitoa mvuke.

"Hapana, mwanangu," fundi akasema. "Kadi inasema nisile."

"Kadi ni ya zamani, mama. Fungua kinywa."

"Wamesema kesho. Nimesubiri siku zote hizo, nije niharibu leo? Nikila leo nitaanza upya."

Mdogo wake alimbembeleza, akamkumbusha na utoto wao, akalia. Fundi alimtania kidogo, lakini kinywa hakufungua. Nguo ya mteja hakuwahi kuiacha katikati, alisema, alishona mpaka mwisho hata kama kipimo kilichukuliwa vibaya. Mama Gramu akaitazama kadi. Ilikuwa imening'inia kwa uzi tu, mtoto angeweza kuikata. Akaitazama mpaka supu ikapoa kwenye kijiko, kisha akakirudisha kijiko chupani, na hicho ndicho kitu ambacho hakujisamehe. Mdogo wake akasema asante na kuondoka na chupa imejaa.

Mpasuaji alirudi Alhamisi ya wiki ya kumi na tatu, amenenepa kidogo. Alipita kitanda hadi kitanda, na kwenye namba tisa akaona mwandiko wake. "Huyu bado?" akauliza. Sista akamjibu kwamba bado, kabakiza kilo moja na gramu mia sita. Mpasuaji akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mpangeni kesho," akasema, akaenda kitanda cha kumi.

Jumatatu mizani ilisoma sifuri. Kitanda kilikuwa kimya. Jumanne Mama Gramu alipobonyeza aliona kuna alama ya kutoa mbele ya namba: gramu mia nne, chini ya sifuri. Sista akasema si tabu, zamani tulikuwa tunatoa, sasa tutajumlisha.

Siku hiyohiyo akalazwa mwalimu wa chekechea, kijana, mawe kwenye nyongo. Kwenye mizani ya mlangoni alikuwa kilo hamsini na moja kamili. Kitandani mizani ikasoma hamsini na gramu mia sita, wakajumlisha mia nne, ikatimia. Mpasuaji hakuhitaji kuandika kadi mpya, ilikuwepo pale miguuni, imechakaa kidogo pembeni lakini inasomeka.

Jumatano daktari wa usingizi hakutokea. Alhamisi kitanda kilisoma arobaini na tisa na gramu mia nne. Mama Gramu alipiga hesabu mara mbili kwenye ukingo wa daftari.

"Za fundi ni kilo moja na mia mbili," akamwambia Sista. "Hizi mia nne zilizozidi ni za huyu."

"Zote za fundi," Sista akasema bila kuinua macho. "Anajulikana yule. Andika."

Mume wa mwalimu alikuwa mlangoni na chupa. Mama Gramu alimweleza kwa adabu habari ya kutapika usingizini na kupaliwa, na mume akasema asante. Aliporudi kitandani mwalimu alikuwa ameweka mkono tumboni, anacheka kwa aibu, hajui kama linalonguruma ni lake au la mwenzake.

"Shangazi, leo nitakula?"

Mama Gramu aliisoma kadi, ingawa aliijua kwa moyo.

"Kesho," akasema.

Akafungua daftari, akatafuta safu ya namba tisa. Kalamu ilikuwa nzito kidogo. Akaandika, "Kama jana," kwa mwandiko mzuri, akasukuma mizani kwenda kitanda cha kumi.