Vitabu vya Kukaliwa

Huko Umbalika, nchi ambayo mgeni huitambua kwa milango yake iliyofungwa kwa kamba na wenyeji wake wanaokula wamechuchumaa, upo mji mkuu uitwao Rafuni, uliotandazwa bondeni, mbele ya Kilima cha Elimu Kongwe, ambako Sheria, Tiba na Falaki wamejijengea kuta za mawe na kazi yao kubwa ni kutazama chini. Zamani Waumbalika walikuwa mabingwa wa kubuni vitu: kiti chao hakikuumiza kiuno, birika lao halikumwaga chai mezani, na mlango wao ulifunga bila kubamizwa. Sifa hizo hazikuwatosha. Walitaka ubunifu wao uitwe taaluma, tena taaluma ya utafiti, yenye majoho na vikao visivyokwisha, na kila walipopanda Kilimani kuomba watambuliwe waliulizwa swali lile lile: vitabu vyenu vya lazima viko wapi? Basi wakavitafuta. Vingine wakaandika, vingine wakanunua, vyote wakavipiga jalada jekundu, na kwa jinsi vilivyokuwa vya thamani wakaogopa kuviweka mahali ambapo mtu angeweza kuvigusa. Ndipo ikazuka desturi ya kuvikalia.

Sikutanii. Kila mkubwa wa chuo alipewa rundo lake, akapandishwa juu, akakaa. Aliyekalia vitabu vingi alihesabiwa msomi kuliko aliyekalia vichache, na hakuna aliyeona kasoro, maana walioiona walikuwa chini mno kusikika. Vikija vitabu vipya, wanafunzi walimnyanyua mkubwa wao kwa kamba na kapi, mzimamzima na joho lake, akining'inia huku akitabasamu, wakavisukumiza chini yake, wakamshusha taratibu, wakapiga makofi. Kisha ikatungwa sheria kwamba ni marufuku kuunda kitu chochote Umbalika kabla ya kusoma vitabu vya lazima vinasemaje juu ya kitu hicho. Na vitabu ndiyo hivyo vimekaliwa. Sasa unajua zile kamba milangoni zimetoka wapi.

Mkuu wa wote alikuwa Profesa Marejeo, pande la mtu, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba maji ya kunywa. Pembeni yake, kwenye rundo lililopungua kidogo tu, alikaa Bi Tanbihi, mama mwembamba aliyekuwa hasemi neno lake mwenyewe, ila huongezea kwenye maneno ya wengine. Wawili hao walipimana kwa macho kutwa kucha, na kitabu kimoja tu kikienda kwa huyu, yule hapati usingizi.

Humo chuoni alikuwamo mwalimu aitwaye Bi Siwatu, aliyekuja na swali moja lililomganda rohoni: kwa nini mtu akae kwenye benchi hili asichoke, na benchi la pili, la mbao zile zile, limchoshe kabla hajamaliza kikombe cha kahawa? Alikuwa ameuliza watu zahanati, kwa vinyozi, kwenye vibanda vya chai. Amewapima migongo, amewachora, amewachosha kwa maswali mpaka wengine wakimwona wanavuka barabara. Cheo hakukitaka. Alitaka kujua waliomtangulia walisema nini, na hapo ndipo palipokuwa na makalio ya watu.

Mara likaja tangazo kutoka Kilimani. Bwana Falaki mwenyewe angeshuka kukagua. Akimkuta mtu mmoja, mmoja tu, aliyesoma vitabu vya lazima, ubunifu utakuwa taaluma. Asipomkuta, chuo kitageuzwa ghala la vitunguu. Siwatu aliposikia aliliacha benchi alilokuwa akilipima. Wanafunzi wake, michoro yake, yale mabenchi aliyoyabeba mgongoni toka pembe zote za mji, vyote vitupwe nje ili vitunguu vipate kivuli? Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya rundo la Marejeo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Paza sauti, maneno yakifika huku yamechoka."

"Naomba unyanyuke kidogo nichomoe kitabu kimoja. Nikisome, nikirudishe."

"Ninyanyuke, halafu Tanbihi anipite?"

"Nitakuwa nimekupita tayari," akaongezea Bi Tanbihi.

"Basi, Profesa, wewe mwenyewe umevisoma?"

Marejeo alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, mimi nimevikalia toka ujana. Vimeniingia kwa njia yake."

Siwatu akaondoka akiuma midomo, asijue acheke au alie. Marejeo naye, badala ya kusoma, akaagiza vitabu zaidi ili mgeni amkute juu kabisa. Wanafunzi wakavuta kamba, wakasukumiza, wakavuta tena, hadi kichwa cha Profesa kikatoboa bati na kutokeza nje, kwa kunguru. Alikuwa amelipita hata kapi. Kamba ikakatika, naye hakujali, kwa kuwa alikuwa anatazamana na Kilima uso kwa uso.

Bwana Falaki alifika asubuhi, mzee mwenye shingo iliyopinda kwa kutazama nyota, na kwa mara ya kwanza shingo hiyo ikamfaa.

"Nani amesoma?" aliuliza.

"Mimi," ikajibu sauti toka juu ya bati.

"Vizuri. Shuka basi na kimoja, unisomee ukurasa wowote unaoupenda."

Marejeo akatapatapa kwa miguu, akaagiza ngazi iletwe. Hapo Bi Tanbihi, kwa raha ambayo hakuificha, akaongezea kwamba ngazi Umbalika zilikwisha kuoza zote, na kwa mujibu wa sheria aliyoitia sahihi Profesa mwenyewe, mpya haiundwi mpaka vitabu visomwe vinasemaje juu ya ngazi. Na kitabu chenye sura ya ngazi? Kilikuwa cha kwanza kununuliwa, kwa hiyo kiko chini kabisa ya rundo la Profesa.

Watu wa mji, waliomfuata mgeni hadi chuoni, waliangua kicheko hadi wakashikana mabega. Marejeo alinguruma, akabembeleza, mwishowe akatamka neno ambalo halijapata kusikika Rafuni: "Siwatu, chomoa usome."

Wanafunzi wakalikumbatia rundo pande zote, Siwatu akapiga goti, akavuta. Kitabu kikatoka, rundo likatua kwa kishindo, na kidevu cha Profesa kikagonga bati. Siwatu akafuta vumbi, akafungua. Ukurasa wa kwanza uliuliza: anayechoka ni nani, na nani alimuuliza? Akausoma mara ya pili, machozi yakamtoka, akacheka humo humo ndani ya machozi. Miaka yote hiyo swali lake lilikuwa limekaliwa hapa. Akaanza kusoma kwa sauti. Muuza chai akabisha, mwanafunzi akambishia muuza chai, mtu akakimbilia benchi, mwingine akaleta la pili ili wajaribu, na Bwana Falaki, aliyesahau kabisa kwamba amekuja kukagua, akawa anahama kutoka benchi hadi benchi akijishika kiuno na kudai zamu nyingine.

"Ngazi imo?" Marejeo aliita toka juu.

Siwatu akapekua kurasa za mwisho za kitabu, akapata mahali penyewe. "Imo, Profesa. Iko mbele huko. Lakini kitabu kinasema msomaji asiruke kurasa."

Kama kitabu kilisema hivyo kweli, hakuna aliyeinama kuhakikisha. Wakaendelea. Kicheko cha bondeni kikapanda hadi kwenye bati, na baada ya kitambo Marejeo akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini, kwamba huko juu hasikii vizuri, je, hawawezi kumpokea na yeye darasani?

Siwatu akamjibu kwa adabu zote kwamba nafasi zipo, ila wanaoanza hukaa chini.