Samaki Waliosema kwa Sauti ya Meya

Ardis Tollefson aliyeyushia madini ya risasi bandani, mlango wazi, baridi ikimng'ata masikio, kwa sababu mjukuu wake Kelsey alikuwa mja mzito na moshi wa risasi haumfai mja mzito. Vipande vya bomba la zamani vilikuwa ndani ya kisufuria cha chuma, juu ya jiko dogo la gesi. Vilipoyeyuka vikang'aa kama kioo, Ardis aliengua takataka za juu, akachota kwa upawa, akamimina kwenye kalibu aliyokwisha kuipangia ndoano. Alipoifungua zikatoka ndoano za kichwa, kila moja na tone la risasi lisilozidi punje ya dengu, za kuvulia wale samaki wapana kama kiganja wanaoenea kikaangoni bila kukatwa.

Alipomaliza alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kama alivyozoeshwa na marehemu mumewe. Risasi ni sumu. Maji aliyonawia yalifika kwake kwa bomba la risasi.

Mtaa wote wa Tanuri ulikunywa kwa mabomba ya namna hiyo. Halmashauri ya mji iliahidi kuyang'oa na kuweka ya shaba. Ilianzia nyumba za ufukweni mwa ziwa, ambazo wenyewe huja kulala humo majira ya joto tu, ikaja nyumba ya Meya Merlyn Haugdahl, kisha fedha zikaisha. Bomba kuukuu la Meya likatupwa nyuma ya gereji ya halmashauri. Ardis alilipakia kwenye toroli mchana kweupe. Risasi laini, safi, ya bure. Wewe ungeiacha?

"Bibi, daktari kasema nisiyaguse maji ya bombani," Kelsey alisema mezani jikoni, akimwangalia bibi yake akipaka rangi.

"Halmashauri wanasema uyaache yatiririke kwanza, risasi ipungue."

"Yatiririke mpaka lini? Mpaka mtoto aoe?"

Ardis akachovya brashi. Alipaka waridi kwa siku za mawingu, kijani cha ndimu kwa maji ya matope, nyeusi kwa jua kali. Kila ndoano akaifunga mkia wa unyoya wa jogoo, nyuzi chache tu. Ukizidisha, samaki anaona ufagio. Na wakati wa baridi samaki ni mvivu, hafungui kinywa kwa kitu kikubwa. Alipokaza uzi wa mwisho aliukata kwa meno, kwa hasira, kana kwamba ni shingo ya mtu.

Jumamosi ziwa lilikuwa limeganda kiasi cha kubeba lori. Vibanda vya wavuvi vilisimama juu ya barafu, kila kimoja na jina la mwenyewe ubavuni kama sheria inavyotaka. Orrin, shemeji yake Ardis, alikuwa ameinamia tundu alilotoboa kwenye barafu tangu asubuhi bila kupata kitu.

"Ziwa limekufa, shemeji."

"Uliyekufa ni wewe. Tazama fundo lako, limeteleza mbele. Ndoano inaning'inia kama mtu aliyenyongwa. Lirudishe katikati, ndoano ilale. Umewahi kuona mdudu anaogelea wima?"

Akampa ya waridi, akaivika funza mmoja. Haikuchukua muda uzi ukatikisika. Samaki akatoka, akalazwa juu ya barafu, akafungua kinywa.

"Sumu ya mabomba tumeijua tangu enzi za baba yangu," samaki alisema. "Wale wa Tanuri wasubiri. Hawana wakili."

Orrin alipangusa pua kwa glavu. "Huyo si Merlyn?"

"Ndiye."

"Anaonekana ana mafua."

Bomba lile lilikaa chini ya sinki la Meya miaka yote hiyo, na risasi ni laini, haikawii kushika alama, hata ya sauti. Samaki wa pili alisema, "Kwangu mmeshabadilisha? Basi, hao wengine waambieni wayaache yatiririke." Wa tatu aliwacheka watu wa Tanuri, kicheko kirefu cha baada ya chakula.

Kufika adhuhuri ndoano za Ardis zilikuwa zimeazimwa na nusu ya ziwa. Kila kibanda kilisema kwa sauti ya Meya. Watu walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaulizana ni rangi gani inayokamata zaidi.

Ardis alibeba ndoo yake ya samaki mpaka kibanda cha Merlyn Haugdahl, akasukuma mlango kwa buti, akaimwaga miguuni pake. Samaki wakasema wote kwa pamoja. Meya aliweka kahawa chini asikilize vizuri.

"Ni kweli, nilisema hayo," alikubali. "Mke wangu alikuwa anakaanga mayai."

"Basi ng'oeni mabomba!"

"Tusubiri mwaka wa fedha, Ardis."

"Mjukuu wangu anajifungua barafu ikiyeyuka. Naye asubiri mwaka wa fedha?"

"Ee, hongereni jamani!"

"Huna haya, Merlyn?"

"Ninayo, ila haimo kwenye bajeti." Aliokota samaki mmoja, akamchungulia mdomoni. "Hii ya waridi umeifunga kwa unyoya gani?"

Ijumaa samaki walikaangwa kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, kama kila Ijumaa. Waliendelea kusema ndani ya mafuta mpaka walipoiva. Watu waliomba kabichi ya kuongeza. Halmashauri ilisimama, ikampigia Ardis makofi kwa mchango wake katika uvuvi wa mji.

Aliporudi nyumbani alishuka chini ya nyumba, akafunga maji, akakata bomba lake mwenyewe kwa msumeno, akaunga shaba mahali pake. Kipande kifupi tu. Lililobaki lilikuwa chini ya barabara, mali ya halmashauri, na kuligusa ni kosa. Kile kipande alikiyeyusha, akapata ndoano moja. Hakuipaka rangi.

Kesho yake alikaa tunduni pamoja na Orrin. Meya alikuja kutazama, kikombe mkononi. Samaki aliyetoka alikuwa mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mama, nina kiu."

Orrin alivua kofia. "Huyu nani tena?"

"Bado hajazaliwa," Ardis alisema.

"Aa."

Meya aliinama. "Haina rangi kabisa? Na bado wanaila?"

Ardis alirudisha fundo katikati, ingawa hakuwa na nia ya kuvua tena. Alimtia samaki kwenye ndoo ya maji ya ziwa, akampita Meya kwa bega lililomwaga kahawa yake yote, akaenda nyumbani.

Kelsey alikuwa amesimama kwenye sinki, kikombe mkononi, bomba limefunguliwa. Ardis aliiweka ndoo sakafuni.

"Mama, nina kiu," samaki alisema.

Kelsey aliweka mkono tumboni. Hakugeuka.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Yaache yatiririke kwanza."