Mgongo wa Nyakio

Punda wetu tulimpa jina la mtu, Nyakio, yaani mwenye bidii, na jina hilo lilimfaa kabisa. Miaka yote ya kushuka na majani ya chai mpaka kituo cha kupimia, na kupanda na maji kutoka mtoni, hakuwahi kumkosea mtu adabu. Ndiyo maana siku alipomuuma mwanangu Kimotho begani, mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja mizani, sisi wa nyumbani tulinyamaza. Tuliona aibu kama wazazi ambao mtoto wao ametukana mgeni.

Wengine hawakunyamaza.

“Kimotho!” jirani yetu Kipsang akapiga kelele kutoka kwenye foleni. “Hata mke wako hajakufanyia hivyo!”

Watu wakacheka mpaka karani akaacha kupima. Kimotho hakucheka. Nyakio alikuwa amebadilika tangu mvua zianze. Ukimkaribia na gunia, masikio yanalala nyuma. Ukikaza kamba, anapiga teke. Siku moja alijilaza na mzigo wake katikati ya barabara, pikipiki zikawa zinampitia pembeni huku wenyewe wakitutukana. Tulimpa dawa ya minyoo kutoka duka la mifugo. Minyoo labda walikufa, lakini mateke yalibaki.

Jioni hiyo Kimotho alikaa na kitambaa cha maji moto begani, akatuambia yeye amechoka.

“Mwisho wa mwezi Wambugu anakuja na gari. Nimeshaongea naye.”

Huku kwetu Kipkelion nani hamjui Wambugu? Ananunua punda wazee na wakorofi, na punda akishapanda gari lake haonekani tena popote.

Charity, mke wa Kimotho na mama ya mjukuu wangu Wangeci, akaweka sufuria chini. “Na majani yatapelekwa na nani?”

“Si zamani watu walikuwa wanabeba?”

“Watu gani, Baba Wangeci?”

Watu hao walikuwa mimi, halafu Charity. Mgongo wangu umekataa kunyooka tangu siku hizo za kubeba. Sikutaka kuona wa Charity ukifuata huo.

“Kimotho,” nikamwambia, “kabla ya Wambugu, acha daktari amwone.”

“Amwone nani?”

“Nyakio.”

“Mama, punda haiitiwi daktari. Hii imeharibika tabia tu.”

“Ng’ombe yako ikikohoa, unapiga simu kabla haijamaliza kukohoa.”

Charity akageuza uso ukutani ili asionekane akicheka. Kimotho akakubali, ila akasema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

Daktari alikuja asubuhi kwa pikipiki yake mwenyewe, msichana mrefu anaitwa Velma, ndiye anayetibu mifugo ya upande wetu. Habari ilikuwa imeshazunguka, na Kipsang alikuwa ameegemea ua wetu kabla daktari hajazima injini.

“Cucu,” akaniita, yaani nyanya, “kesho utaitia kuku daktari?”

“Kuku wako si wanakufa kila mwaka? Waitie wewe kwanza.”

Velma akacheka, akaingia. Nilidhani atafungua begi atoe sindano, kama wanavyofanya wengi. Hakufungua. Alisimama mbali kidogo na Nyakio, mikono mitupu, akamwangalia tu. Nyakio akalaza masikio. Velma akangoja. Kimotho akaanza kukohoa kohoa ile ya mtu mwenye haraka, lakini yule msichana ni kama hakusikia. Sikio moja likainuka, halafu la pili, ndipo Velma akasogea. Mimi nimelea watoto na nimelea ng’ombe, na uvumilivu wa namna hiyo kwa mtu wa umri wake nilikuwa sijauona.

Akatazama meno, akainua kwato moja moja. Mwisho akaweka vidole nyuma ya shingo, akavishusha polepole kwenye uti wa mgongo. Hakukuwa na kidonda. Lakini vidole vilipofika katikati, Nyakio akabonyea mgongo kama kitanda cha kamba kilicholegea, ngozi yote ikatetemeka.

“Pole, mama, pole,” Velma akamwambia punda. Kisha akamwita Kimotho. “Unaona hizi nywele nyeupe?”

“Uzee huo.”

“Uzee hauji mahali pamoja hivi. Hapa pamesuguliwa sana kwa muda mrefu, mpaka nywele zimeota nyeupe. Hii punda haijaharibika tabia, Baba Wangeci. Inaumwa, na haina njia nyingine ya kuwaambia.”

Kimotho akapapasa bega lake.

“Basi dawa ipo?” nikauliza.

“Dawa ya maumivu nitamchoma, Cucu. Lakini kama sijajua kinachomuumiza, wiki ijayo mtaniita tena. Mpakieni magunia matupu nione mnavyofanya.”

Sasa kupakia ni kazi ya Charity, na Charity alikuja ameinua shingo kwa fahari. Mwenye chai ataelewa. Majani mabichi ukiyashindilia kwenye gunia, yanapata joto, yanakuwa mekundu, na karani anakurudishia mbele za watu. Majani ya Charity hayajawahi kurudishwa. Njia yake ilikuwa kuyajaza malegevu, na kuyapandisha juu kabisa ya mgongo wa Nyakio, kamba ikipita juu kwa ulegevu ili isiyaminye. “Majani lazima yapumue,” alisema akifunga, na wanawake wengi wa hapa walikuwa wameiga kutoka kwake.

Velma akaomba tujaze magunia majani machache, kisha akaandamana na Nyakio kushuka mteremko, akitembea kinyumenyume mbele yake kwenye utelezi ili aone vizuri. Buti zake zilijaa matope mpaka kwenye kifundo. Kila hatua, magunia yaliyumba kushoto, yakayumba kulia, na ile kamba iliyolegea ikaenda na kurudi juu ya uti wa mgongo kama msumeno. Kwenye kona, Kimotho aliponyoosha mkono kuirekebisha, meno yakatoka. Akaruka.

“Umeona!” akasema.

“Nimeona,” Velma akajibu. “Mimi nimemshika shingo, kichwa na miguu tangu asubuhi, hajaniuma. Anauma mkono unaogusa kamba.”

Tuliporudi akatueleza, kwa sauti ya chini, kwamba mzigo haukuwa mzito. Ulikuwa unacheza. Ulihitaji kushuka chini mbavuni, ukae imara, na uti wa mgongo usiguswe na kitu.

Charity akakunja mikono. “Ukishusha na kukaza, majani yataungua. Yakirudishwa, wewe utakuwa hapo? Ni mimi nitaaibika.”

Nilijua anavyojisikia. Kuambiwa kwamba ile bidii yako ndiyo imeumiza mnyama wako, hilo si jambo la kumeza haraka. Nikangoja nisikie daktari atajibu nini, maana wasomi wengine hapo wangeinua sauti.

Velma akakaa kwenye kigoda, akavua buti, akaanza kuzikwangua kwa kijiti. “Mama Wangeci, chai siijui. Kwetu ni miwa. Mgongo naujua. Niambie, majani yanataka nini?”

“Hewa. Na yasikandamizwe.”

“Na mgongo unataka kuachwa huru. Sasa tufanye nini?”

Walikaa hivyo, mmoja akisema, mwingine akikataa. Charity alitaja mbao, Velma akasema zitachoma mbavu. Velma akataja kreti za plastiki, Charity akasema zitakata majani. Nilikuwa nimeshaleta chai na wote wameisahau, wakati Charity aliposimama ghafla, akaenda jikoni, akarudi na vile vikapu viwili tulivyokuwa tukibebea majani mgongoni enzi zetu. Siku hizi vinawekewa kuni.

“Kimoja huku, kimoja huku,” akasema. “Kikapu chenyewe kinashikilia, sihitaji kukaza majani. Kamba inakaza kikapu.”

Velma akapiga makofi kama mtoto. “Aki wewe! Ingekuwa ni mimi ningefikiria mpaka kesho!”

Kazi ya kushona ilikuwa yangu. Daktari alinionyesha: mito miwili minene ya blanketi kuukuu, mmoja kila upande wa uti, katikati pabaki mfereji wazi. Juu ya mito fremu nyepesi ya miti, na mkanda mpana wa kifuani ili mzigo usirudi nyuma akipanda mlima. Nyakio akachomwa sindano, akapewa mapumziko. Velma alipita kila alipokuwa upande wetu, hata siku hatukumwita, akimkanda mgongo kwa viganja na kuzungumza naye. Wakati wa mapumziko hayo Charity alibeba majani kwa mgongo wake. Siku ya pili Kimotho akamnyang’anya kikapu, akashuka nacho mwenyewe, na Kipsang akapata la kusema foleni nzima: “Leo punda ni huyu!”

Mwisho wa mwezi ukafika, na Wambugu akafika nao. Aligeuza gari getini kabisa, akafungua mlango wa nyuma.

“Yuko wapi huyo mkorofi?”

“Ngoja,” Kimotho akasema. “Tunampakia kwanza.”

Nikasimama mlangoni nikitazama. Charity aliweka mito, akaweka fremu, akaning’iniza vikapu, akajaza majani mabichi ya asubuhi, malegevu vile anavyopenda. Alipotaka kukaza mkanda, Kimotho akamzuia.

“Acha nikaze mimi. Niambie inapita wapi.”

Charity akamwonyesha. Kimotho akainama ubavuni, bega lile lile lililoumwa likiwa wazi, akavuta. Nyakio akageuza kichwa. Sote tuliona akikigeuza. Akaleta mdomo mpaka kwenye kola ya Kimotho, akanusa shingo yake, akapuliza pumzi moja kubwa yenye mate. Kisha akatazama barabara.

Kimotho alibaki ameinama pale, mkono juu ya mkanda, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

“Wambugu,” akasema bila kugeuka, “samahani, ndugu yangu. Hauzwi.”

“Yaani nimepanda mlima huu wote bure?”

“Si bure. Ingia ndani, Mama akupe chai.”

Wambugu akafunga mlango wa gari kwa kishindo, lakini chai aliikubali. Nyakio hakutungojea sisi na maneno yetu. Alikuwa ameshashika mteremko, vikapu vimetulia mbavuni, na Kimotho na Charity wakalazimika kukimbia kidogo ili wamfikie.