Kilemba cha Gunia

Nimechoka kuwaombea maskini, na mtu asinishangae. Miaka tisa sasa, kila Jumapili kwenye kigango chetu, katekista Mikaeli hunikabidhi karatasi ya maombi ya waamini niisome, kwa kuwa nina sauti na nina miwani. Nimeomba njaa iishe, nimeomba vita viishe, nimewaombea wakubwa wa dunia wawe na huruma. Nikimaliza nakunja karatasi, napanda mlima kurudi kwangu.

Huku kwetu gunia la karoti haliishii mdomoni. Mnunuzi anataka lumbesa: gunia lijae, lishindiliwe, kisha juu liongezwe kilemba cha karoti kilichozungushiwa majani na kamba, kinachokaribia kulingana na gunia lenyewe. Bei ni ya gunia moja. Serikali imekataza, redio inasema kila mwaka, na Wilfred mnunuzi wetu anaisikiliza redio hiyo hiyo huku akipakia. Wilfred ndiye aliyetununulia kinanda cha kwaya.

Anayemshonea vilemba ni mimi.

Jumamosi jirani yangu Prisca, mjane, alishusha karoti kichwani safari saba kutoka shamba la juu. Binti yake Neema amechaguliwa sekondari ya bweni mjini, anaripoti Jumatano, na shule inataka kila mtoto aje na godoro lake. Prisca alishapiga hesabu: magunia mawili, godoro limepatikana. Akanivuta pembeni akaniomba nishone mdomo tu, kilemba nikiache. Wilfred alikuwa karibu, akasikia. Alinitazama, basi. Na shazia ile, ile sindano ya magunia, ndiyo inayoniwekea chumvi jikoni.

Nikashindilia, nikashona. Kilemba kilimeza gunia la pili karibu lote, Prisca akabakiwa na kikapu kimoja cha karoti. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia kwamba Mungu hamtupi mja wake. Alijitwika kikapu, akashika njia ya kwao.

Kesho yake karatasi ya Mikaeli ilisema tuwaombee maskini wote wa dunia wanaonyonywa jasho lao. Nikasoma. Watu wakaitikia kwa nguvu, Wilfred kwenye benchi la mbele akaitikia kuliko wote. Prisca peke yake alikuwa kimya, mikono mapajani, shingo imemkakamaa kwa mzigo wa jana. Karatasi ilikuwa imeisha lakini sikuketi.

"Tumwombee Prisca," nikasema, "ambaye jana magunia yake mawili yaligeuzwa moja. Na mimi Editha, mama Geofrey, niliyeyashona, nikijua. Ee Bwana."

Hakuna aliyeitikia. Watu walitazama sakafu, Mikaeli akatafuta kitu kwenye kitabu chake. Ndipo Prisca akasema peke yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Twakuomba utusikie."

Nje Wilfred alinisubiri mlangoni. Hakunigombeza, yeye si mtu wa kelele. Alinyoosha mkono tu, nikatoa shazia yake mfukoni nikampa. Akaniambia Juliana, mwenzetu wa kigangoni, naye anajua kushona. Kweli anajua, na vilemba vyake ni virefu kuliko vyangu. Sala yangu haikupunguza hata karoti moja, hilo nililiona nikiwa bado pale mlangoni.

Nilipanda kwangu polepole, magoti yananiuma. Nikakung'uta godoro langu, nikalikunja, nikalifunga kwa kamba ya magunia, nikajitwika. Kichwani lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Nilimkuta Prisca akiosha karoti za kile kikapu, nikalitua mbele yake nikasema la Neema hili. Aliliminya kwa kidole, akaliminya tena, machozi yakamjaa.

"Na wewe, Mama Geofrey, utalalia nini?"

"Magunia," nikamwambia. "Yamejaa tele kule kwangu."